Mashua Tano za Le Héron

Kolwezi, tarehe 14 Januari 2024

Tata mudogo Godefroid,

Jambo kwako na kwa Mama Charlotte. Huku tuko bazima, Mungu anatusaidia. Mechack bwana yangu angali ku garage, anashinda chini ya mitoka ya bantu, anarudia mweusi sawa makala. Batoto balianza masomo Jumatatu. Ukuta ya nyumba yetu hapa Musonoi imepasuka tena upande wa jikoni, tuliweka simenti, tunangoja tuone. Nilijaribu simu yako mara mingi, haiingie. Njo maana ninaandika, na barua ninaipa Gael, chofere wa camion inayopeleka bitu ku misheni ya Kapanga.

Sasa neno lenyewe. Unakumbuka klabu ya mashua ku ziwa ya Nzilo, ile Le Héron kwenye baba alitumika? Mwaka hii inatimiza miaka makumi saba. Banataka kitabu kidogo cha historia yake, na balinichagua mi niandike. Ni Stéphane, memba mumoja, mutoto wake anasoma mu kalasi yangu, njo aliwaambia mwalimu Louise anajua kuandika. Prezida ya klabu, Tata Kabasele, alinipokea muzuri sana. Alinionyesha nyumba yote: baraza ya mawe inayotazama maji, baa, picha za wazungu na kofia zao, angari, kwenye mashua zinatengenezwa na kulala. Alinipa na rejista tano za zamani nibebe ku nyumba.

Mi nilikuwa mutoto wakati tulitoka Kolwezi. Baba alikufa ku Mwene-Ditu, kule Kasai, bila kunielezea kitu juu ya ile kazi. Umebaki weye peke yako. Niandikie nani alijenga ile nyumba, mashua zilikuwa ngapi, bantu balikuwa namna gani.

Kitu moja tena. Mu rejista ya 1993 nilisoma mustari moja: "Seremala Kazadi aliiba mashua tano, akakimbia nazo. Tazama PV." Ile karatasi ya ushuhuda sijaiona. Tata mudogo, mutu anakimbia na mashua tano wapi? Mu treni?

Binti yako,
Louise Mushiya


Musumba, tarehe 2 Machi 2024

Louise mwanangu,

Barua yako ilinifikia tarehe ishirini na tatu mwezi wa pili. Gael alikwama siku tisa kwenye matope, akafika na gurudumu moja limefungwa kamba. Nashukuru kwa habari za nyumbani. Huo ukuta msiufunike kwa simenti tu, chimbeni muone msingi. Mama Charlotte anakusalimu, mguu wake umepona, amerudi shambani na mihogo ni mizuri. Mimi bado natengeneza madawati ya shule. Macho yanapungua lakini mkono haujasahau.

Umeuliza nani alijenga. Andika hivi. Bwawa la Nzilo lilipojaa, Wabelgiji wa migodi wakajikuta na ziwa, wakataka kucheza juu yake. Mwaka 1954 walianza na kibanda cha mabati. Nyumba ya mawe ilikuja miaka miwili baadaye. Mbao za paa aliziweka babu yako Mpoyi, aliyekuwa ameletwa kutoka Kasai kwa kazi ya migodi, na walipoona anajua mbao wakamtoa shimoni wakampeleka ziwani. Aliweka lile paa lote, lakini hakuruhusiwa kuwa chini yake isipokuwa ameshika nyundo au sinia. Mwafrika wa kwanza kupokewa kama mwanachama aliingia mwaka 1967, naye alikuwa daktari. Siku kubwa ilikuwa Pentekoste: mashindano asubuhi, samaki mchana, na kengele ya shaba ikipigwa kila mashua iliporudi. Mashua zilitengenezwa palepale angarini. Babu alimfundisha yaya Kazadi, kaka yangu mkubwa na baba yako, na yaya akanifundisha mimi. Katika vita vya mwaka 1978 askari walilala barazani wakachoma viti vyote, ila mashua hawakuzigusa. Hayo yatatosha kwa kitabu kidogo.

Sasa nikuulize mimi. Kolwezi ina walimu wangapi? Kwa nini wamemchagua binti wa Kazadi? Kabasele anajua wewe ni nani? Alipokupa zile rejista, ile ya 1993 ilikuwa wapi, chini au juu? Nijibu hilo kwanza.

Na jina langu usiliandike ndani ya kitabu.

Godefroid, baba yako mdogo


Kolwezi, tarehe 20 Machi 2024

Tata mudogo,

Jambo sana, na pole kwa macho. Mechack anasema kuko munganga wa macho anakuyaka hapa kila mwezi wa sita, tuone namna utafika. Tulichimba kwenye ukuta sawa ulisema. Musingi umepasuka. Mukubwa wa batoto alipata homa, sasa ni muzima.

Asante kwa historia ya babu. Nilisoma mara tatu, nikasomea na batoto. Lakini uliniandikia karatasi mbili nzima na juu ya mashua tano hakuna neno hata moja. Uliona sitajua?

Unauliza rejista ya 1993 ilikuwa wapi. Ilikuwa juu. Kisha ya kusoma barua yako nilirudia ku klabu, nikakuta Tata Kabasele peke yake ku baraza anasoma gazeti. Nikamuuliza ningali nimesimama:

"Tata Prezida, unajua baba yangu alikuwa nani?"

"Ninajua, mama."

"Na munanipa mi kazi hii?"

"Weye njo utaifanya muzuri," alisema, akakunja gazeti pole pole. "Pengine ku nyumba kwenu kuko makaratasi ya zamani? Picha? Na tata yako mudogo, angali muzima?"

Mi sijamuambiaka kama niko na tata mudogo. Nilimujibu sijui. Alinitazama na akacheka kidogo, ile kucheka ya mutu anajua unadanganya na anakuachilia. Tangu siku ile kila nikifika anakuya kusimama nyuma ya kiti yangu. "Umefika mwaka gani, mwalimu?" Ninamuambia 1970, 1975. Anatikisa kichwa, anaenda.

Anakujua namna gani? Ulifanya nini na ye? Nijibu juu ya mashua. Mustari moja tu iliandikwa, mi ninaomba jibu moja.

Louise


Musumba, tarehe 28 Aprili 2024

Louise mwanangu,

Tumesherehekea Pasaka vizuri, kanisa lilijaa mpaka nje. Mama Charlotte alipika kuku wawili, akasema mmoja ni wako, na kwa kuwa hukuja nimemla mimi. Namshukuru Mungu kwa mtoto kupona.

Nimeomba siku nyingi kabla ya kushika kalamu. Umekuwa mama wa watoto, siwezi kukufukuza kwa maneno ya kitoto. Basi sikia.

Unakumbuka kidogo mwaka ule, ulikuwa na miaka minane. Sisi watu wenye majina ya Kasai tuliambiwa tuondoke Katanga. Wengine walizaliwa hapa, baba zao walizaliwa hapa, haikusaidia. Watu walitoka katika nyumba zao na magodoro kichwani wakaenda kulala ku gare, wakingoja treni. Hawakungoja siku mbili. Walingoja majuma, wengine miezi. Yaya alikuwa huko na mama yako, na wewe, na mdogo wako Falonne. Mimi nilibaki ziwani, kwa sababu mke wangu ni wa Kapanga na ndugu zake walinisemea. Klabu ilikuwa kimya. Wanachama wengi walikuwa wamekimbia toka mwaka 1991, askari walipopora mji. Palikuwa na mashua tano za mbao angarini, zimefunikwa matanga.

Siku moja asubuhi yaya alifika kwa baiskeli kutoka gare, kilomita zaidi ya thelathini. Hakunisalimu. Alienda moja kwa moja angarini, akafunua mashua ya kwanza, akaniambia nishike upande mmoja wa msumeno. Mimi nikamwambia

ndiyo sababu sikurudi tena ziwani, na mwaka 1995 tulihamia huku kwa ndugu wa Mama Charlotte. Sasa umejua yote. Ukitaka kunihukumu, nihukumu, lakini Kabasele asipate karatasi hii.

Godefroid


Kolwezi, tarehe 19 Mei 2024

Tata mudogo,

Jambo. Tuko bazima. Baridi imeanza, vumbi pia.

Sijajua yote. Karatasi zako umeziandika namba juu: moja, mbili, ine. Ya tatu haiko. Ulimuambia baba nini? Musumeno ilifanya nini? Karatasi ya pili inaishia pale, ya ine inaanza na "ndiyo sababu".

Nilienda ku parking ya camion, nikamushika Gael mbele ya bantu bote.

"Nani alifungua barua yangu?"

"Mama Louise, mi naapa! Ilikaa mu mufuko ya koti yangu mpaka hapa."

"Ulipita kwa nani mbele ya kufika kwangu?"

Akahesabu na bidole. Kisha akasema alishusha mifuko ya muhogo ku depo ya Tata Kabasele. Ku depo ya Kabasele, unasikia! Nilimutukana, Tata mudogo, mi mwalimu, mbele ya bauzaji ba mukate. Mechack alikuya kunivuta mukono.

Sasa barua zako ninazificha mu ndoo ya bunga. Sisemi kitu tena ku klabu. Niliomba Kabasele anionyeshe ile PV ya 1993, alisema ilipotea. Nilimuuliza ilipotea lini. Alisema, "Mwalimu, bitu bingi bilipotea ile miaka." Stéphane naye, aliyenitafutia kazi, sasa ananiuliza kama sichoke, kama sitaki mutu mwingine amalize. Sijui tena nani iko na nani. Mechack anasema niache, eti kitabu ya mashua haiwezi kuvunja nyumba yetu.

Niandikie tena ile karatasi ya tatu. Usimupe Gael. Tafuta mutu mwingine.

Louise


Musumba, tarehe 16 Juni 2024

Louise,

Amani kwenu. Sisi tupo.

Gael ni mtu mwema. Mwombe msamaha.

Juu ya klabu, acha. Andika kama walivyoandika wao. Yaya amekufa, neno la wizi haliwezi kumuumiza tena. Na ukiniandikia, niandikie habari za watoto, habari za Mechack, habari za ukuta. Za ziwa usiniandikie.

Kwa munganga wa macho sitakuja, asante.

Godefroid


Kolwezi, tarehe 7 Julai 2024

Tata mudogo,

Leo sina jambo ya kukupa. PV nimeipata.

Haikupotea. Ilikuwa mu kabati ya baa, ndani ya katoni ya chupa. Tania, mama anayeuza ku baa, njo alinipa. Aliniambia, "Mwalimu, Tata Prezida alinipa haya makaratasi nichome mu mwezi wa tatu. Sikuchoma. Mi sijui kusoma, na niliona tampon, ule muhuri wa serikali, juu yake, nikaogopa."

Ninakuandikia sawa iko:

"Mimi, Godefroid Mpoyi, seremala msaidizi, nashuhudia kwa hiari yangu kwamba kaka yangu Kazadi, mfanyakazi wa klabu, aliiba mashua tano za wanachama, akaziuza kwa wavuvi na kukimbilia Kasai. Mimi sikushiriki wala sikujua."

Chini kuko saini yako. Ninaijua, ni ile ile ya barua zako, na ile mukia ya G inarudi chini ya jina. Wino ilififia lakini saini inaonekana muzuri kuliko kitu yote.

Kumbe miezi ine nilimuogopa Kabasele, nilimutukana Gael ku parking, nilificha barua zako mu bunga, na aliyeandika kama baba yangu ni mwizi ni weye. Na "sikujua"! Baba alikuambia ushike upande moja ya musumeno, ulinielezea mwenyewe.

Karatasi ya tatu haikuibiwa. Ni weye uliitoa. Sivyo?

Baba alikufa na mikono ya kutengeneza bitanda ya bantu ku Mwene-Ditu, na kila mwaka mpya alituambia tukuombee.

Louise


Musumba, tarehe 15 Septemba 2024

Louise mwanangu,

Nakusalimu hata kama hukunisalimu. Mama Charlotte naye anakusalimu. Amesoma barua yako, kwa maana niliiacha mezani kwa makusudi. Hakujua habari za PV. Miaka thelathini na moja hakujua. Siku tatu hakusema nami. Ya nne akaniletea kalamu.

Ndiyo, karatasi ya tatu niliitoa mimi. Gael alikuwa amewasha motere, nikamwambia ngoja, nikafungua bahasha, nikaichomoa. Mama Charlotte alikuta majivu yake jikoni, nikamwambia ni hesabu ya misumari. Sasa naiandika tena.

Yaya aliponiambia nishike msumeno, nilimwambia, "Yaya, hizi si mashua zetu." Akasema, "Falonne amekufa asubuhi." Ilikuwa surua. Ilikuwa imeingia gare na watoto walikufa kila siku. Mjini mbao zilikuwa zimekwisha, na mwenye mbao hakutaka kumwuzia mtu mwenye jina letu. Watu walikuwa wanazika watoto katika mikeka, wengine katika mifuko ya unga. Yaya alisema, "Mimi nimetengeneza mbao toka utoto. Mtoto wangu hataingia katika mfuko." Basi nikashika. Tulikata mashua ya kwanza kutoka nyuma kwenda mbele. Mbao zake zilikuwa nyembamba na safi, zimepakwa rangi ya bluu ndani, na nje jina la klabu. Yaya alipima kwa mkono wake, hakutumia kipimo. Alipiga misumari palepale, akafunga sanduku nyuma ya baiskeli, akaenda. Nilimwona akisukuma baiskeli kwenye kilima, hakupanda, aliogopa litikisike.

Kesho yake alirudi. Ku gare baba mmoja alikuwa ameona lile sanduku, akamwuliza, "Ndugu, mbao umepata wapi?" Naye alikuwa na mtoto chini ya shuka. Yaya alisema hakuweza kumjibu "sijui". Tukakata tena. Kisha padri mmoja alituletea camionnette yake, tukapakia mbao zilizokatwa tayari, yaya akapigilia misumari kulekule gare, kati ya magodoro. Hivyo mpaka mashua ya tano. Yaya alisema, "Wenyewe wakirudi, nitawatengenezea zingine, na zitakuwa nzuri zaidi." Hakusema kwa mzaha.

Halafu treni ilikuja, mkaenda.

Wiki moja baadaye katibu wa klabu wa wakati ule alifika ziwani na watu wawili wenye fimbo. Yeye alikwisha kufa, simtaji. Alikuwa na karani mdogo mwenye kalamu. Karani huyo ni Kabasele. Katibu akasema, "Mashua ziko wapi?" Nikamwambia ukweli wote, sikuficha hata msumari. Akasema, "Hiyo siwezi kuwaandikia wanachama. Nitaandika kwamba kaka yako ameiba, nawe utatia saini. Usipotia, treni nyingine inakuja Alhamisi." Mama Charlotte alikuwa na mimba ya mtoto wetu Meta. Nilimtazama karani. Alikuwa ameinamisha kichwa, anaandika tayari. Nikatia saini.

Yaya alijua. Mtu mmoja alimfikishia. Alinitumia neno moja kutoka Mwene-Ditu: "Umefanya vema kubaki." Basi. Sijui kama alisema kwa moyo au kwa hasira. Ukiniambia alikuwa anawaambia mniombee, nashindwa kulala.

Uliponiandikia kwamba Kabasele amekuchagua wewe, nilifikiri amekuweka kama chambo, unitoe mafichoni, nishtakiwe peke yangu kabla yeye hajaguswa. Ndiyo hofu niliyokuwa nayo. Hofu ya kwanza, lakini, ilikuwa wewe kusoma jina langu.

Barua hii mwonyeshe umtakaye.

Godefroid


Kolwezi, tarehe 3 Novemba 2024

Tata mudogo Godefroid,

Jambo kwako, na jambo sana kwa Mama Charlotte aliyekuletea kalamu. Batoto ni bazima. Mechack amejenga ukuta mupya, sasa jikoni haiingie upepo. Gael nilimuomba musamaha mu mwezi wa nane, ku parking palepale, bauzaji ba mukate balikuwa wanasikia. Alisema alikuwa amesahau. Anadanganya, lakini ni muzuri.

Barua yako ilifika tarehe ine ya mwezi wa kumi. Nilienda nayo kwa Tata Kabasele, nikamupa, nikasimama. Alisoma na miwani, kisha akaitoa miwani, akasoma tena karibu na macho. Aliishika vile mpaka Tania akakuya kuuliza kama anaumwa.

Akaniambia, "Tuitoe ile mustari, mwalimu. Tuseme tu mashua zilipotea. Hakuna mutu atauliza."

"Mukitoa ile, mi ninatoa kitabu yote."

"Weye hujui ile miaka."

"Nililala ku gare, Tata. Ninajua."

"Na mi ninaitwa Kabasele!" Ilikuwa mara ya kwanza ninamusikia akilia na sauti. "Na mi niko na jina ya Kasai. Unazani baliniacha hapa bure? Balinipa kalamu, balisema andika."

Nikamuuliza sababu gani alinichagua. Alinijibu bila kunitazama. Alisema yeye njo alimutuma Stéphane kwangu. Alisema anazeeka, alitaka mutu afungue ile rejista mbele ya kufa kwake, na alijua mutoto wa Kazadi hawezi kuipita. Njo maana aliiweka juu. Kisha akaogopa, akamupa Tania PV achome. Jina yako aliijua kwa sababu aliiandika yeye mwenyewe. Barua zetu hakuguse hata moja.

Fête ya miaka makumi saba ilikuwa tarehe makumi mbili na sita. Baraza ilijaa: mainjinieri, Bahindi, bazungu bawili ba Afrika ya Kusini, mabibi na kofia. Ku maji kulikuwa mashua ya plastiki nane na matanga meupe. Kabasele alinitaja, nikasoma. Nilianza na babu na paa. Banapiga mikono. Nilifika 1993, nikasoma mustari ya rejista, nikasoma PV na jina yako, kisha barua yako, kwa Kiswahili, sawa uliiandika. Hakuna mutu aliyepiga mikono. Mama moja alitoka na kinywaji yake.

Nyuma ku mulango ya jikoni kulikuwa Mama Florentine, anauzishaka klabu samaki. Balimuita kuleta samaki ya fête. Alivuka katikati ya viti na eproni yake ya maji, akasema:

"Ya mutoto yangu ilikuwa bluu ndani."

Mutu mumoja akamuuliza anasema nini. Akasema tena, pole pole, sawa mutu anafundisha. "Kanku. Alikuwa na miaka mitatu. Mi nilijificha, sikupanda treni, nilibaki. Fundi alinipigia sanduku ku gare, hakuniomba kitu. Ilikuwa bluu ndani na inje kulikuwa herufi, É na R. Nilifikiri ni jina ya fundi. Nilimutafuta miaka mingi nimushukuru."

Stéphane akaniuliza mbele ya bote, masanduku ilikuwa ngapi. Nilimuambia nitakuuliza weye.

Siku ya pili Kabasele alileta rejista ku nyumba yetu Musonoi, na mitoka yake, yeye mwenyewe. Aliandika chini ya ule mustari: "Hii ni uongo. Niliandika mimi." Akatia saini na tarehe. Alikunywa chai, akaenda. Wanamemba bengine banasema ametia klabu haya na atoke ku uprezida. Sijui itaisha namna gani.

PV sikuichana. Itaingia mu kitabu na saini yako, siwezi kuitoa, na barua yako itaifuata. Ninasema kweli: hasira ingali. Kuna siku ninakuelewa kabisa, Mama Charlotte na mimba, ile fimbo. Kisha ninaona baba anakusanya mbao za kitanda ya mutu ku Mwene-Ditu, ninakasirika tena. Lakini neno yake ninaweza kukujibia. "Umefanya vema kubaki" alitusemea na sisi ku nyumba, mara mingi, akila, bila hasira. Mama alimuuliza nani alibaki. Alisema, "Mudogo wangu."

Kitabu bangali hawajaipeleka ku imprimerie, kwenye banachapa. Ninangoja unijibu ile Stéphane aliuliza: masanduku ilikuwa ngapi.

Louise wako


Musumba, tarehe 8 Desemba 2024

Louise mwanangu,

Salamu nyingi kwenu nyote, kwa Mechack na ukuta wake, na kwa Mama Florentine, ambaye simkumbuki uso lakini mtoto wake namkumbuka. Mvua zimeanza. Barua yako nilimsomea Mama Charlotte, na tulipofika pale baba yako anakula aliniambia nirudie. Nikarudia mara nyingi.

Masanduku yalikuwa kumi na moja, na watoto kumi na wawili. Wa kwanza Falonne wetu. Ngalula, mtoto wa mwalimu wa Kapata. Mbuyi na Kabanga, mapacha, katika sanduku moja, mama yao alitaka hivyo. Kanku wa Florentine. Ntumba, aliyekuwa mrefu na ilibidi tuunge mbao. Biuma. Mulumba mtoto wa fundi wa umeme. Odia, siku nne tu toka azaliwe. Tshibangu. Kapinga, aliyekufa treni ikiwa imekwisha kupiga honi.

Mmoja sina jina lake. Ni msichana, labda miaka miwili, alikuwa na shanga nyekundu mkononi. Nilikuwa nimepeleka mbao siku ile, yaya akamwuliza mama yake, "Tuandike nani juu?" Mama akasema, "Piga misumari tu, tata." Hatukuuliza tena. Mwandike naye, mwandike kama alivyokuwa, na shanga.

Barabara ikikauka nitakuja. Macho yatakuwa yamepungua zaidi, itabidi unisomee kitabu.

Mimi, Godefroid Mpoyi, seremala msaidizi, nilishika upande mmoja wa msumeno na nilijua. Natia saini kwa hiari yangu.

Godefroid Mpoyi